Kiangazi, si baridi: ni mti gani wa jamii ya mnazi unaofaa uani Chinongwe?

Kila mvua inapokaribia, ubishi huu hurudi Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi. Mmoja atasema mnazi haufai huku bara, mwenzake atamwonyesha mnazi wenye nazi kisimani kwa jirani. Wa tatu amejenga nyumba mpya, ameweka geti, na anataka safu ya miti mirefu yenye mashina meupe kama aliyoiona hotelini Dar es Salaam. Muuza miche anamhakikishia kwamba mti huo ni mstahimilivu. Mwezi wa Oktoba, wenye miche iliyokufa huwa wengi kuliko wenye miche hai, na kila mmoja ana sababu yake: mchwa, udongo, mche mbovu, hata kijicho.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba watu wanaulizana kama mti ni mstahimilivu bila kuulizana unastahimili nini. Maelezo mengi yanayosambaa kwenye simu kuhusu miti hii yametungwa katika nchi za baridi, ambako hofu ya mwenye bustani ni theluji. Huko, mti wa jamii ya mnazi husifiwa kwa nyuzi chini ya sifuri unazoweza kuvumilia. Bingwa wao ni Trachycarpus fortunei, asili yake Uchina, uliofikishwa Uingereza katika karne ya 19 na kupewa jina la Robert Fortune, Mskochi aliyekuwa akitafuta mimea Mashariki ya Mbali. Mti uliokomaa huvumilia baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi. Mwingine, Rhapidophyllum hystrix wa kusini mashariki mwa Marekani, humzidi hata huyo. Sifa hizo ni za kweli, ila kwa mtu wa kata ya Chinongwe, huku Ruangwa, hazina kazi.

Mti huu huuawa na nini

Miti ya jamii hii karibu yote ina kasoro moja ya kimaumbile: shina lina kilele kimoja tu cha kukulia, kile kichilema ambacho wakata minazi hukila. Mwembe ukikatwa utachipua ubavuni. Mnazi ukioza kichilema au ukitobolewa, umekwisha, hata kama makuti yake yatabaki ya kijani kwa wiki kadhaa. Katika nchi za theluji, baridi huua kwa kugandisha maji ndani ya kichilema hicho. Kwetu barafu haiji. Wanaokuja ni ukame, mchwa na mbawakawa.

Nachingwea iko takriban mita 460 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai, ambao wenyeji huuona wa baridi, kipimajoto hubaki kwenye nyuzi 15 hivi. Hakuna mti wa jamii ya mnazi unaouzwa Tanzania utakaokufa kwa baridi hiyo. Anayeishi Makete au Njombe, ambako sakitu huunguza mazao mwezi wa Juni na Julai, ana haki ya kuulizia mti wa kuvumilia baridi, na hao Trachycarpus wangemfaa. Ukiwaleta Ruangwa utakuwa umewatoa kwenye hali waliyoizoea na kuwaingiza katika joto wasilolipenda.

Tatizo letu ni mgawanyo wa mvua. Mvua za Ruangwa na Nachingwea ni za msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kwa mwaka wa kawaida hufika kati ya milimita 800 na 1,000. Ukiutazama mwaka mzima, kiasi hicho si haba. Ukitazama Juni hadi Novemba, ni kama hakuna kitu. Wakoloni wa Kiingereza waliwahi kupata somo la namna hiyo kwa gharama kubwa. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Sababu zake zilikuwa nyingi, zikiwemo mitambo na bandari, lakini mojawapo ilikuwa kupanga kilimo bila kujua mvua ya mahali hunyesha namna gani na udongo hufanya nini inapokatika. Mwenye kupanda mti mmoja uani hupoteza kidogo zaidi, lakini kosa lake ni lile lile.

Wanaoutetea mnazi

Hoja yao ina uzito: mnazi unajulikana. Nazi ni ya mboga, dafu ni la mgeni, makuti ni ya paa, vifuu na makumbi ni kuni. Mwenye mnazi mmoja wenye afya hanunui nazi ya kila siku. Tena mnazi upo: kwenye mabonde yenye maji karibu, au pale maji ya kuogea yanapomwagikia kila siku, unaota na kuzaa.

Udhaifu wa hoja hii umo ndani ya mfano wake wenyewe. Mnazi wa kisimani haunyweshwi na mvua ya Chinongwe. Kwa kawaida mnazi hustawi penye mvua ya milimita 1,500 hivi iliyotawanyika mwakani, na kiangazi kinachopita miezi mitatu huanza kuuumiza: makuti ya chini huning'inia, vidaka hupukutika, na nazi zinazofika kukomaa huwa ndogo. Mti mkubwa unaweza kunyonya lita 50 au zaidi kwa siku. Kwa hiyo mnazi uliopandwa mlimani penye udongo mkavu unaweza kuishi miaka 20 bila kumlipa mwenyewe hata nazi za Ramadhani moja.

Kuna pia maradhi. Ugonjwa wa kunyong'onyea umekuwa ukiua minazi ya pwani ya Tanzania kwa zaidi ya miaka mia moja, na kusini ndiko umekuwa mkali zaidi. Dalili zake wakulima wa Lindi na Mtwara wanazijua: vidaka na nazi changa huanguka, maua huwa meusi, makuti hugeuka njano kuanzia chini, kisha kilele huoza na kubaki nguzo tupu. Dawa ya kumfaa mkulima wa kawaida haipo. Mradi wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, ulioanza mwaka 1979 kwa msaada wa Ujerumani na ambao baadaye ulizaa kituo cha utafiti cha Mikocheni, ulijaribu minazi chotara na mifupi kutoka nje. Mingi ilishindwa, kwa ugonjwa na kwa ukame pia. Iliyoonekana na nafuu ni baadhi ya minazi mirefu ya hapa hapa Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu akiuziwa mnazi mfupi wa kizungu kwa sifa kwamba huzaa mapema, na ajue kwamba pengine ananunua mti dhaifu kuliko ule wa babu yake. Mbegu nzuri ni nazi iliyoangushwa na mti mzee uliobaki hai katikati ya wenzake waliokufa.

Adui wa tatu ni chonga, mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kichilema. Huzaliana kwenye magogo yanayooza na marundo ya samadi, vitu ambavyo ua wa mfugaji huwa navyo tele. Kwa upande mwingine, sehemu za mikorosho zina faida ambayo wengi hawaihesabu. Wale siafu wekundu wa mitini wanaoitwa majimoto, wanaoshona majani kuwa viota, huwinda kunguni anayefyonza nazi changa, na kunguni huyo huyo hushambulia pia korosho. Ua uliopakana na mikorosho yenye majimoto una walinzi wa bure. Wengi huwachoma moto kwa sababu wanauma.

Wanaotaka pambo

Mti unaoongoza kwa mvuto ni Roystonea regia wa Kuba: shina jeupe, laini, limenyooka utadhani limemwagwa kwa zege. Wengine hutaka ule wenye shina lililovimba kama chupa, Hyophorbe wa Morisi, au ule wa vichaka vya mashina ya njano uliotoka Madagaska. Watetezi wa pambo husema si kila mti lazima uzae chakula. Nyumba ikipendeza ina thamani, na mtu aliyeuza korosho vizuri ana haki ya kuona macho yake yakifurahi. Mimi sioni sababu ya kubishana nao. Tunapanda maua, na hakuna anayeuliza ua lina protini kiasi gani.

Shida yao ni maji, na ukubwa. Mti wa Kuba umetoka kwenye ardhi yenye unyevu. Ukikosa maji hauanguki kwa mara moja, bali shina lake hubana sehemu iliyokua mwaka wa ukame, na kovu hilo hubaki kwa maisha yote ya mti kwa sababu shina la jamii hii halijazi upya lilipokonda. Ukiona shina lenye kiuno katikati, hapo pana historia ya kiangazi. Kuti lake likishakauka hudondoka lenyewe, na ni kuti la mita tatu au nne lenye uzito wa kumtia mtoto hospitali. Safu iliyopandwa hatua mbili kutoka kwenye bati itakuja kuleta hasara hiyo baada ya miaka kumi.

Kwa anayetaka urefu na shina lililonyooka bila kunywesha milele, vitalu vingine huwa na Washingtonia, wa Mexico na majangwa ya Kalifonia. Huu ndio pekee katika kundi hili ambao ustahimilivu wa baridi na ustahimilivu wa ukame vimekutana. Ila tahadhari: makuti yake makavu hayaanguki, hushuka na kuvaa shina kama kanzu, na katika nchi ya moto wa nyika wa Agosti na Septemba, kanzu hiyo ni kiberiti kando ya nyumba, na pango la panya kabla ya moto wenyewe. Usiye na ngazi na panga la kuyakata, uache.

Mtende na mchikichi kwa ufupi

Mtende humvutia Mwislamu kwa sababu zisizo za kilimo, na ni kweli kwamba unavumilia jua kuliko yote. Lakini Waarabu husema mtende unataka kichwa chake motoni na miguu yake majini, na wenye ndugu Oman wamejionea: mashamba ya kule hunyweshwa na mifereji ya aflaj, ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Tende pia huharibika zikinyeshewa zinapoiva. Juu ya hayo, mtende una dume na jike. Anayepanda kokwa alizokula Ramadhani atasubiri miaka kadhaa kujua kama amelea dume. Upande mtende kwa kivuli chake na kumbukumbu yake, usiutegemee kwa futari.

Mchikichi umepata umaarufu tangu mwaka 2018, Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa, aliposimamia kampeni ya kuufufua mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya mbegu. Kigoma ina ziwa jirani, unyevu hewani na kiangazi kifupi kuliko cha kwetu. Mchikichi mmoja au miwili bondeni haina ubaya. Kuupanda mlimani Ruangwa kwa sababu ya kampeni ya Kigoma ni kusoma barua ya mtu mwingine.

Waliokuwapo kabla ya nyumba

Ajabu ni kwamba katika ubishi wote huu, miti ya jamii ya mnazi iliyoota yenyewe kusini haitajwi. Mvumo, mkoche na mkindu huonekana miti ya porini, na mti wa porini haununuliwi, kwa hiyo hauna anayeusifu.

Mvumo ni mkubwa kuliko yote: shina la mita 20 na zaidi lenye uvimbe juu ya kati, majani kama feni kubwa. Hupita motoni ukabaki hai. Mbao za dume mzee ni ngumu na mchwa huzishindwa, ndiyo maana sehemu nyingi za Afrika zilizitumia kwa nguzo na boriti. Tunda lake huliwa, na chipukizi la mbegu huchimbwa na kuchemshwa kama muhogo. Siri ya ustahimilivu wake iko mwanzoni mwa maisha. Mbegu ikiota haitoi jani kwanza, hutuma mkia ardhini nusu mita au zaidi, na mche huanzia huko chini kwenye udongo uliobaki na unyevu. Kwa miaka mingi utaona majani tu usoni pa ardhi bila shina, ukidhani umedumaa, kumbe unajenga mizizi. Ndiyo sababu mvumo hauhamishiki: anayeuchimba porini anakata mkia huo na kuleta nyumbani maiti yenye majani mabichi.

Udhaifu wake ni dhahiri. Aliyepanda mvumo akiwa na miaka 50 anawapandia wajukuu. Tunda lake ni zito na likianguka halichagui kichwa. Na kuna tembo. Katika vijiji vya Nachingwea, Liwale na Ruangwa vilivyo upande wa hifadhi ya wanyamapori, tembo wanaoingia mashambani ni habari ya kila mwaka, na tunda bivu la mvumo, lenye harufu inayosafiri, ni chakula wanachokipenda. Tembo ndio wanaoeneza mbegu zake. Kuupanda karibu na ghala la mahindi pembeni mwa kijiji cha namna hiyo ni kumwekea mgeni mbaya mwaliko. Katikati ya mji mdogo, hoja hii haipo.

Mkoche ni mfupi kidogo, na shina lake hugawanyika mapanda mawili mawili, jambo la nadra katika jamii nzima. Makoche huliwa na watoto, na majani yake machanga ndiyo miyaa ya kusukia vikapu na kamba. Unavumilia kiangazi, moto, hata udongo wenye chumvi. Nao pia hukua polepole, na una miiba kwenye vikonyo vya majani.

Mkindu ndio wa kati na kati. Huota kama kichaka cha mashina membamba yaliyoinama, na kwa macho yangu ndio mzuri kuliko wote, ule wa Kuba ukiwemo. Ukindu wake ni wa mikeka. Kwa kawaida hufuata mito na madimbwi, kwa hiyo hauko sawa na mvumo kwa ukame, lakini pakiwa na maji ya kuoshea vyombo yanayomwagwa mahali pamoja, huutosha. Huvumilia baridi pia, maana unaota hata nyanda za juu, na ni mti ambao mtu wa Ruangwa na nduguye wa Njombe wanaweza kuulea wote wawili. Miiba mikali iliyo chini ya majani yake hudai upandwe mbali na njia ya watoto, ingawa mwenye kutaka ua wa kuzuia mbuzi ataihesabu kuwa faida.

Hesabu ya ndoo

Wapo wanaosema usipande mti wa jamii hii kabisa: panda mwembe upate kivuli, au mkorosho upate fedha. Kwa ua mdogo usio na kisima wana haki, kwa kuwa mnazi na wenzake hutoa kivuli chembamba. Wanachokisahau ni ukuta. Mizizi ya jamii hii ni kamba nyembamba zisizonenepa kadiri mti unavyozeeka, kwa hiyo haipasui msingi wala shimo la choo kama mkuyu unavyoweza. Karibu na nyumba, hiyo si faida ndogo.

Hoja nzito zaidi ni maji. Chukua mche mmoja wa mnazi au wa pambo la Kuba, uupe ndoo moja ya lita 20 kila baada ya siku tatu kuanzia Juni hadi Novemba. Hiyo ni ndoo 60, yaani lita 1,200. Safu ya miche kumi getini ni lita 12,000 kwa kiangazi kimoja, na mche hauwezi kujitegemea kabla ya viangazi viwili au vitatu. Anayevuna mvua kwenye bati na kuhifadhi kwenye tangi la lita 5,000 ajue kwamba tangi lililojaa mwisho wa Aprili linatosha miche minne, kwa sharti familia isichote hata kikombe. Nachingwea mjini kuna maji ya bomba yanayotoka Mbwinji wilayani Masasi, lakini maji ya bomba yana bili, na kijijini ndoo ina kichwa cha mtu kinachoibeba, mara nyingi cha mwanamke ambaye hakuulizwa wakati safu ya getini ilipopangwa.

Matandazo hupunguza ndoo hizo. Mabua ya mtama na maganda ya karanga yakifunika ardhi kuzunguka shina huzuia jua lisikaushe udongo. Papo hapo huita mchwa, ambao huanza na bua na kumaliza na mche. Yaache yakae kiganja kimoja mbali na shina, uweke majivu kwenye nafasi hiyo, uyafumue kila wiki.

Ukiwa na ua wa namna hii

Mwenye kisima au bonde nyuma ya nyumba apande mnazi mrefu wa mbegu ya hapa, mmoja au miwili, aelekeze maji ya bafu pale, na asiweke rundo la samadi jirani nao. Hapo mnazi unashinda yote kwa faida. Anayeishi kwenye mwinuko mkavu na anategemea ndoo aache mnazi, aache na pambo la Kuba hata kama fedha anayo, kwa sababu kinachokosekana hakiuzwi kitaluni. Kwake yeye mkindu ndio chaguo la kwanza, ukipandwa panapomwagwa maji ya jikoni, na mkoche ndio wa pili pasipo na maji yoyote. Mvumo ni wa mwenye kiwanja kikubwa, aliye mbali na njia ya tembo, na mwenye kuamini kwamba kiwanja hicho kitabaki cha ukoo. Anayetaka pambo kwa vyovyote vile apande mti mmoja badala ya kumi, mbele ya kibaraza, ambapo kila anayenawa mikono ataumwagia maji bila kukumbushwa.

Kuhusu wakati, wengi hupanda Machi, miche inapopendeza kitaluni na ardhi ikiwa bado laini. Mche wa Machi una wiki nane tu za mvua kabla ya kiangazi kuanza. Shimo lichimbwe Oktoba, lijazwe udongo wa juu na samadi iliyooza, na mche uingie Desemba mvua ya pili au ya tatu ikishashika. Mbegu ya mvumo na ya mkoche hazipiti kitaluni hata siku moja: hufukiwa pale pale mti utakapokaa, na kigingi huwekwa kando yake ili mwenye jembe la palizi asizing'oe.